Makumbusho ya ndege za vita Sintra, niende na mtoto au niache?

Habari zenu wana Kusini. Mwenzenu niko Lisbon, dogo wangu kachizika na ndege, kila wikendi wimbo ni mmoja tu, twende Museu do Ar. Sasa mi mtu wa Newala, babu alikuwa anatuhadithia ndege za Mreno enzi za vita ya Msumbiji, roho inasita. Kuna aliyeenda na watoto?

---

Dada salama. Mi nilienda, na fundi magari mimi, chuma kikiundwa vizuri siwezi kujifanya sijaona. Kuna Fiat G.91 pale, kandege ka kivita kafupi, tundu la kuvutia hewa liko chini ya pua na puani kuna vioo vya kamera, nikawa nakazunguka nakagua ribiti huku natabasamu peke yangu, halafu nikakumbuka aina hii ndo ilikuwa inapiga Cabo Delgado kwa Wamakonde wenzetu, kuanzia 1968 huko, basi stimu zikakata. Bibi mzaa mama alikuwa Kitaya, Ruvuma hiyo hapo, hata ndege ya abiria ya Mtwara ikipita anasimamisha ungo, anatazama inaelekea wapi ndo anaendelea kupepeta.

Tena zile Mreno aliuziwa 40 na Ujerumani Magharibi mwaka 1966, kwa makubaliano zitumike Ureno tu, yeye akasema Msumbiji nayo ni Ureno hiyohiyo, zikaja Afrika. Mi ujanja huo wa makaratasi unaniudhi kuliko bunduki zenyewe.

Nenda tu dada. Mwache dogo afurahi kwanza, usimwanzishie habari za maiti mlangoni, mkifika kwenye G.91 ndo umwambie babu yake alikuwa anaishi wapi, watoto wanaelewa. Iko eneo la kambi ya jeshi la anga, toka stesheni ya Sintra kwa miguu na mtoto hapana, kama huna gari panga usafiri mapema, cheki saa za kufungua, na kadi ya ukaazi usiiache nyumbani.

---

Wakuu, mi niko likizo Mikindani, hizi meseji nimemsomea mzee mmoja hapa barazani. Yeye kwao Mueda, Msumbiji, alivuka mto Ruvuma akiwa mdogo, wakapelekwa Rutamba kule Lindi na wakimbizi wengine, akazamia hukuhuku. Kauliza kuingia ni bure? Nikamwambia wanalipisha. Kasema mbona sisi walikuwa wanatuletea bure mpaka shambani, baraza zima hoi kwa kicheko.

Ila dada ukienda anaomba picha ya hiyo G.91, ya ubavuni, siyo ya chini, chini anakujua. Nirushie WhatsApp kabla ya Ijumaa maana Jumamosi narudi Dar, na yeye simu yake ya batani.