Ukaguzi wa msimbo kabla ya komiti: nini kikae kwenye kompyuta ya mtu na nini kisubiri seva?

Swali, kutoka kwa fundi_wa_nyuma

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Tuko watu sita katika mradi mmoja ambao upande wake wa seva umeandikwa kwa Python na upande wa kivinjari kwa JavaScript. Kila mmoja ana kihariri chake na mazoea yake, kwa hiyo badiliko la mistari mitatu humfikia mkaguzi likiwa limezama katikati ya mistari mingi iliyoguswa bure: nafasi zimesogezwa, alama za nukuu zimebadilishwa, mistari mitupu imeongezwa mwishoni mwa faili. Anayepitia kazi ya mwenzake huchoka kabla hajaifikia mantiki yenyewe, na mantiki ndiyo tuliyotaka aiangalie.

Nimeandika skripti fupi ya Bash katika `.git/hooks/pre-commit`, faili ambalo Git huliendesha kabla ya kila komiti, yaani kabla ya kuhifadhi mabadiliko kwenye historia ya mradi. Inachukua orodha ya mafaili kwa `git diff --cached --name-only`, kisha inayapitisha kwenye Ruff na ESLint, vikaguzi vya msimbo wa Python na wa JavaScript, na kosa likionekana komiti inakataliwa. Kwangu inafanya kazi vizuri. Ninaomba ushauri kwa mambo matatu. Kwanza, wenzangu wataipataje, maana mtu akinakili mradi skripti hii haiji nayo? Pili, ni ukaguzi upi unaostahili kufanyika wakati wa komiti, na upi usubiri? Tatu, tumfanyeje mtu anayeandika `--no-verify`, chaguo linaloruka ukaguzi huu, kila anapokuwa na haraka?

Jibu, kutoka kwa mlinzi_wa_tawi

Ndugu fundi, kabla ya maswali yako naomba tuitazame skripti yenyewe, kwa sababu ina kasoro isiyojionyesha mapema. Amri uliyoitumia inakupa majina ya mafaili yaliyoko kwenye eneo la maandalizi, yaani yaliyochaguliwa kwa `git add` ili yaingie kwenye komiti, lakini Ruff ikipewa jina la faili husoma lile lililoko kwenye diski. Hayo mawili si lazima yafanane. Chukua mtu aliyeandika kitendaji chenye kosa, akafanya `git add`, kisha akalirekebisha kosa hilo ndani ya kihariri bila kufanya `git add` tena. Skripti yako itasoma faili lililorekebishwa na kuridhika, na Git itahifadhi lile lenye kosa. Anayependa kutumia `git add -p` kuchagua vipande vya faili atakutana na hali hiyo mara kwa mara, na ni vigumu sana kumweleza mtu kwa nini seva ya ukaguzi inakataa kitu ambacho kompyuta yake imekipitisha.

Kuhusu swali la kwanza: folda ya `.git/hooks` hainakiliwi pamoja na mradi, na ni vizuri iwe hivyo. Kama ingenakiliwa, mtu yeyote angeweza kuweka amri ndani ya hifadhi yake ya msimbo na zikatekelezwa kwenye kompyuta yako pale tu unapofanya komiti ya kwanza. Ndiyo maana kila njia ya kuzisambaza inamtaka mwenye kompyuta akubali kwa amri moja. Tangu Git 2.9, iliyotoka mwaka 2016, unaweza kuweka skripti kwenye folda ya kawaida ya mradi, kisha kila mtu akaandika `git config core.hooksPath` na jina la folda hiyo. Njia hii inatosha kwa skripti ndogo, ila hakikisha faili lina ruhusa ya kutekelezwa. Kwenye Linux na macOS, lisipokuwa nayo Git hulipita na komiti inaendelea kama kawaida.

Kwa mradi wenu, hata hivyo, ningechagua programu iitwayo pre-commit, jina lile lile la skripti. Imeandikwa kwa Python lakini inaendesha vikaguzi vya lugha nyingi, na mipangilio yake hukaa katika faili moja mnaloliweka kwenye mradi:

```
repos:
  - repo: https://github.com/pre-commit/pre-commit-hooks
    rev: v5.0.0
    hooks:
      - id: trailing-whitespace
      - id: end-of-file-fixer
      - id: check-merge-conflict
      - id: detect-private-key
      - id: check-added-large-files
  - repo: https://github.com/astral-sh/ruff-pre-commit
    rev: v0.6.9
    hooks:
      - id: ruff
        args: [--fix]
      - id: ruff-format
```

Faili hilo huitwa `.pre-commit-config.yaml`. Kila mwenzako ataandika `pre-commit install` mara moja ndani ya mradi, na imekwisha. Msiudharau mstari wa `rev`: unafunga toleo la kikaguzi ili watu wote sita wapate hukumu moja. Mnapotaka matoleo mapya mnaendesha `pre-commit autoupdate`, mnatazama kilichobadilika, kisha mnafanya komiti ya badiliko hilo peke yake. Mpangilio wa hivyo viwili vya Ruff pia una sababu yake: kinachorekebisha makosa hutangulia kinachopanga sura, kwa kuwa marekebisho yanaweza kuacha mistari inayohitaji kupangwa upya.

Ile kasoro niliyoitaja mwanzoni imeshughulikiwa humo. Kabla ya kuanza ukaguzi, programu huyaweka kando mabadiliko ambayo hayajaingia kwenye eneo la maandalizi, inakagua kilichobaki, kisha inayarudisha. Kikaguzi kikibadilisha faili, komiti inakataliwa hata kama badiliko ni jema, na mtu anatakiwa alitazame, afanye `git add`, kisha arudie. Wapo wanaoiona kuwa usumbufu, na wengine huongeza skripti inayofanya `git add` yenyewe. Nakusihi msifanye hivyo. Kinachoingia kwenye historia kwa jina la mtu kiwe ni kitu alichokiona kwa macho yake.

Jibu, kutoka kwa msomaji_wa_kumbukumbu

Nakubaliana na mkuu hapo juu, nami nijikite kwenye swali la pili na la tatu, maana naona yana jibu moja.

Ukaguzi wa wakati wa komiti hauwezi kuwa mlinzi wa mwisho, kwa sababu unafanyika kwenye kompyuta ambayo mwenye nayo anaweza kuuzima. `--no-verify` si hitilafu; Git imeiweka kwa makusudi, na kuna siku ina haki ya kutumika, kwa mfano mtu anapohifadhi kazi ambayo haijakamilika kwenye tawi lake mwenyewe kabla ya kuondoka. Msimfukuzie. Endesheni ukaguzi ule ule kwenye seva kwa kila ombi la kuunganisha kazi ya mtu na tawi kuu, kwa amri `pre-commit run --all-files --show-diff-on-failure`, kisha lifungeni tawi kuu ili lisipokee chochote ambacho hakijapita hapo. Mkifanya hivyo, anayeruka ukaguzi kwake anakuwa ameahirisha tu majibu yale yale, tena atayapata kwa kuchelewa. Mwelezeni pia kwamba akikwama kwa kikaguzi kimoja anaweza kukiruka hicho peke yake, kwa kuandika `SKIP=ruff git commit`, badala ya kuvizima vyote.

Sasa, nini kikae wapi? Kigezo changu ni muda. Watu wanaofanya kazi vizuri na Git hufanya komiti nyingi na ndogo, na kila sekunde unayoongeza kwenye komiti inawasukuma waelekee kwenye komiti chache na kubwa, ambazo ndizo ngumu kukagua. Kwa hiyo wakati wa komiti wekeni vile vinavyoangalia faili moja moja na kumaliza papo hapo: upangaji wa sura, makosa ya wazi, alama za mgongano zilizosahaulika. Majaribio ya mradi mzima msiyaweke hapo kabisa. Yaliyo mafupi yanaweza kukaa kwenye `pre-push`, ambayo huendeshwa mtu anapopeleka kazi yake kwenye seva, na yaliyo marefu yabaki kwenye seva yenyewe.

Kuna kitu kimoja tu ambacho naamini ni lazima kiwe kabla ya komiti, nacho ni utafutaji wa siri: funguo binafsi, nywila za hifadhidata, tokeni za huduma za mtandaoni. Kosa la mtindo likipita litarekebishwa na komiti inayofuata bila madhara. Siri ikishaingia kwenye historia, kuifuta katika komiti inayofuata hakuiondoi, kwa kuwa komiti ya zamani bado inayo na yeyote mwenye nakala ya mradi anaweza kuisoma. Seva ikiigundua baada ya kupelekwa, umeshachelewa, na tiba ya kweli ni kuibatilisha siri yenyewe na kutoa nyingine. `detect-private-key` iliyoko kwenye mfano hapo juu inatambua funguo binafsi kwa vichwa vyake tu, haitaona tokeni. Ongezeni Gitleaks, ambayo hutafuta aina nyingi zaidi na huchukua muda mfupi inapokagua kilichoandaliwa pekee.

fundi_wa_nyuma

Nawashukuru sana wote wawili. Nimeweka mipangilio hiyo na wenzangu wameshaendesha `pre-commit install`. Limejitokeza jambo ambalo sijalielewa. Niliongeza mypy kwa ajili ya kukagua aina za data, nikitumia hifadhi ya mirrors-mypy, inayoiwezesha pre-commit kuiendesha mypy. Wakati wa komiti inapita bila lalamiko lolote, lakini kwenye seva, ambako tunaiendesha moja kwa moja, faili lile lile linakataliwa kwa makosa ya aina. Matoleo ya mypy ni sawa pande zote mbili.

mlinzi_wa_tawi

Ndugu fundi, toleo ni lile lile lakini mazingira ni tofauti. Programu ya pre-commit hukitengenezea kila kikaguzi mazingira yake yaliyojitenga, na ndani ya mazingira ya mypy hamna maktaba zenu. Zaidi ya hapo, hifadhi hiyo huiendesha mypy kwa chaguo la `--ignore-missing-imports` usipoweka chaguo zako. Kwa hiyo mypy inapokuta maktaba isiyoijua hainyanyui sauti. Inavihesabu vyote vinavyotoka humo kuwa ni `Any`, yaani aina yoyote ile, na `Any` inakubaliana na kila kitu. Umepata kibali kutoka kwa mkaguzi ambaye hakuiona nusu ya kazi.

Unaweza kuorodhesha maktaba hizo chini ya `additional_dependencies`, lakini mtakuwa na orodha mbili za kutunza, nazo zitaachana tu. Mimi ningeiweka kama kikaguzi cha ndani: `repo: local`, `language: system`, na `pass_filenames: false`, ili itumie mazingira ya mradi na kuutazama mradi wote badala ya mafaili mawili matatu yaliyoguswa. Kwa kuwa hapo itachukua muda, ihamishieni `pre-push`. Kumbuka kwamba `pre-commit install` ya kawaida haiwashi hatua hiyo. Kila mtu ataongeza `--hook-type pre-push`, au muandike `default_install_hook_types` kwenye faili la mipangilio ili amri moja iwashe zote mbili.

Jibu, kutoka kwa mkono_wa_javascript

Naongeza mawili ambayo hayajaguswa.

Upande wa JavaScript, mtaona watu wengi wanatumia Husky, inayosimamia skripti za Git, pamoja na lint-staged, inayoendesha vikaguzi kwa mafaili yaliyoandaliwa tu. Ni zana nzuri, na Husky hujiwasha yenyewe kupitia skripti ya `prepare` mtu anapoendesha `npm install`. Lakini Husky huweka `core.hooksPath` yake, na pre-commit hukataa kujisakinisha inapokuta mpangilio huo umewekwa. Chagueni mlango mmoja. Kwa kuwa mmeshaanza na pre-commit, iteni ESLint kutoka humo kama kikaguzi cha ndani, ili itumie toleo lililomo kwenye `node_modules` yenu.

La pili ni msimbo wa zamani. Mkiacha kila faili lipangwe siku litakapoguswa, ile shida ya mistari iliyobadilika bure itawafuata kwa muda mrefu. Kubalianeni siku ambayo hakuna maombi mengi ya kuunganisha yanayosubiri, endesheni `pre-commit run --all-files`, na mweke matokeo yote katika komiti moja isiyo na badiliko lingine lolote. Kisha andikeni namba kamili ya komiti hiyo kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, na kila mtu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Uwezo huo umo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019, na kwa kiasi kikubwa utaifanya `git blame`, amri inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari, iendelee kumtaja aliyeuandika mstari badala ya aliyeendesha upangaji.