E3 2018: Sony, Microsoft au Nintendo, nani ana cha kutuonyesha kweli?

Pedi_Mkononi (mwanzisha uzi), 4 Juni 2018

Wakuu, E3, yale maonyesho makubwa ya gemu, inakaribia kuanza kule Los Angeles na mimi nina akiba ya konsoli moja. Moja tu, na nitakaa nayo miaka. Nimejizuia kununua kwa sababu sitaki kulipa leo halafu wiki ijayo itangazwe gemu ya kunifanya nitamani ya jirani. Naomba tulinganishe PS4 ya Sony, Xbox One X ya Microsoft na Switch ya Nintendo kwa yale tunayotarajia kutangazwa. Sihitaji vita vya ushabiki, nataka kujua tetesi za nani zina miguu.

Ninayoyajua ni haya. Microsoft wanapanda jukwaani Jumapili tarehe 10, saa saba mchana kwa saa za Los Angeles. Sony ni Jumatatu tarehe 11, saa kumi na mbili jioni. Nintendo hawapandi jukwaani, wanarusha video Jumanne tarehe 12 saa tatu asubuhi; mikutano mikubwa ya E3 waliiacha tangu 2013. Sony wameshasema watajikita kwenye gemu nne: Spider-Man, The Last of Us Part II, Ghost of Tsushima na Death Stranding. Nintendo wametaja Super Smash Bros. Microsoft wamefunga mdomo, na ukimya wao ndio unaonipa mzuka zaidi.

Mnaonaje?

DadaKonsoli

Karibu sana. Mimi ni wa PS4 na sifichi, lakini nitakupa picha kamili.

Kwenye zile gemu nne, yenye tarehe ni moja: Spider-Man, 7 Septemba mwaka huu. Hizo nyingine ziangalie kwa umri wa ahadi. Death Stranding ilionyeshwa E3 2016, mwigizaji Norman Reedus yuko uchi ufukweni amekumbatia kichanga, na hadi leo hatujaona wazi ukishika pedi unafanya nini. The Last of Us Part II ilitangazwa Desemba 2016. Ghost of Tsushima tuliiona Paris Oktoba iliyopita. Kwa hiyo Jumatatu sitarajii Sony watushtue. Natarajia watufungulie ndani gemu tunazozifahamu kwa majina, na wenyewe wamesema hakuna mashine mpya itakayotangazwa.

Sasa, sababu ya kununua PS4 haiko kwenye E3 kabisa. Iko dukani tayari. God of War imetoka 20 Aprili na iliuza nakala milioni 3.1 kwa siku tatu. Kuna Horizon Zero Dawn, kuna Bloodborne, kuna Persona 5. Hata Sony wakipanda jukwaani wakakaa kimya Jumatatu nzima, una gemu za kucheza mwaka mzima.

MtazamaTreila

Dada amegusa penyewe, ila mimi niongeze historia, maana naona kila mwaka watu wanasahau.

E3 2005 Sony walionyesha treila ya Killzone kwa ajili ya PS3. Risasi, moshi, askari wanaruka kutoka kwenye chombo, kila uso una jasho. Ukumbi ulisimama. Baadaye ikajulikana kwamba ile haikuwa gemu ikichezwa, ilikuwa video iliyotengenezwa kuonyesha wanachotamani kufikia. Killzone 2 yenyewe ilitoka 2009. Njoo 2012, kampuni ya Ubisoft wakaonyesha Watch Dogs, mvua na taa za Chicago zinang'aa barabarani. Ilipotoka 2014 watu waliweka video mbili bega kwa bega na malalamiko hayakuisha. The Last Guardian ilitangazwa E3 2009, ikapotea, ikarudi E3 2015, ikatoka Desemba 2016. Gemu nzuri, lakini aliyenunua PS3 mwaka 2009 kwa ajili yake hakuipata kwenye PS3. Ilitoka kwenye PS4.

Ndiyo maana mimi treila nazipima hivi. Nembo tupu haina uzito wowote kwenye uamuzi wa kununua. Metroid Prime 4 ya Nintendo mwaka jana ilikuwa hivyo: jina na ile namba 4, basi. Nilifurahi kama kila mtu, ila sikuihesabu. Juu ya nembo kuna treila ya kisinema, ambayo inakwambia hadithi na sura lakini haikwambii mchezo. Ninayoianza kuiamini ni ile inayoonyesha mtu akicheza, na hapo angalia vitu vidogo: mstari wa uhai uko kwenye skrini? Kamera inayumba kama mtu anavyoizungusha kwa kidole, au inateleza kama ya filamu? Mchezaji amekosea popote, amegonga ukuta, amekosa risasi? Mtu halisi hukosea. Na mwisho kabisa ipo tarehe. Tarehe yenye siku na mwezi ina thamani. "Inakuja hivi karibuni" haina.

Kununua konsoli kwa nembo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

KijaniTupu

Naona Microsoft anazikwa kabla hajaongea. Subirini kwanza.

Ukitaka kutabiri vizuri usiangalie tetesi, angalia ratiba. Forza Horizon ya kwanza ilitoka 2012, ya pili 2014, ya tatu 2016. Mtu akikwambia 2018 kuna nyingine, huyo anahesabu tu, hapigi ramli. Halo 4 ilikuwa 2012, Halo 5 ikawa 2015. Miaka mitatu mingine ndiyo hii. Gears of War 4 ilitoka Oktoba 2016, studio yake haijakaa bure. Kwa hiyo Jumapili mimi naweka Forza kama uhakika, Gears kama karibu uhakika, Halo angalau ionekane.

Halafu kuna kitu ambacho Sony hana. Tangu Januari Microsoft wametangaza kwamba gemu za studio zao zote zinaingia Game Pass, huduma yao ya kulipia gemu kwa mwezi, siku ileile zinapotoka. Sea of Thieves ilianza Machi, State of Decay 2 ikafuata Mei. Dola 9.99 kwa mwezi, gemu zaidi ya 100. Na diski zako za Xbox 360 nyingi zinasoma kwenye One X, hilo walilitangaza E3 2015 na wamelitimiza kweli. Kwa mtu mwenye akiba ya konsoli tu, bila akiba ya gemu, hesabu hii ni kubwa kuliko treila zote za wiki ijayo.

DadaKonsoli

Ratiba umeipanga vizuri kaka, ila umeruka gemu mbili. Scalebound ilifutwa Januari 2017 baada ya kuonyeshwa jukwaani. Crackdown 3 ilitangazwa E3 2014, ikapangiwa Novemba 2017, ikaahirishwa, na bado tunaingoja. Mtu anayenunua Xbox kwa ajili ya gemu zisizopatikana kwingine lazima aambiwe hilo.

KijaniTupu

Sikatai, dada. Scalebound iliniuma mimi binafsi, niliisubiri kuliko gemu yoyote ya mwaka ule. Ndiyo maana sikuitaja gemu ya Fable ingawa tetesi zimejaa. Nimetaja zenye ratiba.

Chungulia

Kwenye tetesi niingie mimi, maana si zote zina uzito sawa.

Mwanzoni mwa Mei duka la mtandaoni la Walmart Canada liliweka kurasa za gemu ambazo hazijatangazwa: Rage 2, Just Cause 4, Gears of War 5, Borderlands 3, Splinter Cell na nyinginezo. Watu wakasema ni makosa ya mfanyakazi. Akaunti ya Twitter ya gemu ya RAGE ikachukua picha ya ule ukurasa na kuusahihisha kwa wino mwekundu, jina halijaandikwa inavyotakiwa, na katikati ya Mei Bethesda, kampuni inayoitoa, wakaitangaza Rage 2 rasmi. Kwa hiyo orodha ile ina ukweli ndani yake. Lakini iangalie tena: imeandikwa Forza Horizon 5, wakati hata ya nne hatujaisikia. Hapo ndipo unajua kuna mtu ameandika anachokijua na mwingine ameandika anachokikisia, na vyote vimewekwa kwenye kapu moja. Splinter Cell kwa mfano siiamini mpaka niione.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni bidhaa halisi. Wiki iliyopita picha ya kidude cha kuning'inizia funguo, chenye umbo la kofia ya chuma ya askari wa Sparta, ilivuja ikiwa na jina Assassin's Creed Odyssey. Muda si mrefu Ubisoft wakakubali kwa kijivideo. Kiwanda kinachotengeneza bidhaa ya chuma hakifanyi kazi kwa kukisia. Kimelipwa na kampuni. Baada ya hapo zinakuja bodi zinazopanga umri wa wachezaji, kwa sababu gemu ikifika huko ina maana iko karibu kutoka. Mtu asiyejulikana mwenye "orodha kamili ya mkutano wa Sony" yuko chini kabisa. Orodha hizo kila mwaka zina Bloodborne 2, kila mwaka.

mpenda_rpg

Mbona hamjataja Cyberpunk 2077? Ilitangazwa 2012, treila moja 2013, halafu kimya, na Januari mwaka huu akaunti ya gemu hiyo ikaamka ikaandika neno moja tu, *beep*. Mimi hiyo ndiyo E3 yangu.

MtazamaTreila

Hata mimi nitakesha kwa ajili yake, mkuu. Lakini kwenye swali la mwanzisha uzi haisaidii. Haifungwi kwenye PS4 wala Xbox, itakuja kwa wote wenye nguvu ya kuibeba. Vivyo hivyo Fallout 76, Rage 2 na Odyssey. Ziondoe zote kwenye mizani, zinabaki gemu za nyumbani kwa kila kampuni.

KatrijiNyekundu

Basi mizani ikiwa ni hiyo, Nintendo wana hoja ambayo hamjaigusa. Angalieni umbali kati ya tangazo na gemu. Smash tumeonyeshwa 8 Machi: watoto wa gemu ya Splatoon wanapigana rangi, taa zinazima, mmoja anageuka, na ndani ya jicho lake kuna alama ya Smash inawaka moto. Chini pakaandikwa 2018. Pokémon: Let's Go imetangazwa wiki iliyopita, inatoka 16 Novemba. Hii ni miezi, si miaka. Metroid ndiyo iliyo tofauti, na naomba Jumanne tuone zaidi ya ile namba.

Kitu kingine, baada ya video Nintendo hukaa kwenye Treehouse, kipindi chao cha E3, na kucheza gemu mubashara kwa saa nyingi, watengenezaji wenyewe wakiwa pembeni wanaeleza. Vile vipimo vya MtazamaTreila, mtu kugonga ukuta na kukosa risasi, utaviona vyote pale bila kuhariri. Sony na Microsoft wanakupa dakika sita zilizofanyiwa mazoezi.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Fire Emblem ya Switch na Yoshi zote ziliahidiwa 2018 na hakuna yenye tarehe. Zikikosekana Jumanne, nusu ya pili ya mwaka itabebwa na Smash na Pokémon. Pia kuanzia Septemba kucheza mtandaoni kwenye Switch kutalipiwa, dola 19.99 kwa mwaka.

Mwanzisha uzi, wewe unacheza na nani? Hilo litaamua mengi.

Pedi_Mkononi

Ahsanteni wote, nimesoma kila neno. Nacheza peke yangu zaidi, usiku, gemu za hadithi na za mikakati. Fire Emblem naipenda tangu zamani. Ndugu zangu wakija tunataka kitu cha watu wanne, na hapo Smash inaingia.

KijaniTupu, hoja ya Game Pass imenigusa, lakini gemu ulizotaja ni za magari na risasi na mimi si mtu wa huko. Nadhani nimebaki na mbili. Swali kwa dada: kuna maana kununua PS4 sasa wakati mkuu wa PlayStation, John Kodera, amesema mwezi uliopita kwamba PS4 inaingia awamu ya mwisho ya maisha yake?

DadaKonsoli

Ipo, tena kubwa. Pamoja na hilo amezungumzia miaka mitatu ya kujiandaa na kinachofuata, kwa hiyo PS5 si ya kesho. Na mwisho wa maisha ya konsoli ndipo gemu bora hutoka, kwa sababu studio zimeshaijua mashine. The Last of Us ya kwanza ilitoka Juni 2013, miezi mitano kabla ya PS4, kwenye PS3 iliyozeeka. Mashine zaidi ya milioni 70 ziko majumbani kwa watu, hakuna studio itakayoziacha.

KatrijiNyekundu

Kuhusu watu wanne: ukichagua Switch usikimbilie kununua pedi za bei mbaya. Kama kuna ndugu mwenye pedi za GameCube na ile adapta ya Wii U, konsoli za zamani za Nintendo, tangu sasisho la 4.0 la Oktoba Switch inazitambua zikichomekwa kwenye kituo chake. Nimezijaribu na Mario Kart, zinafanya kazi.

Pedi_Mkononi

Pedi mbili za GameCube ziko kwa kaka yangu, adapta nitaitafuta. Basi nimeamua hivi: Jumatatu nawaangalia Sony kwa moyo wote, lakini sinunui usiku ule hata Ghost of Tsushima ikipendeza vipi. Jumanne nafuatilia video ya Nintendo pamoja na Treehouse. Fire Emblem ikipata tarehe ya ndani ya mwaka huu na nikaona mtu akiicheza, nachukua Switch. Ikisukumwa 2019, nachukua PS4 na God of War, na Switch itangoja akiba nyingine.

Chungulia

Ikisukumwa, usishangae. Gemu iliyoahidiwa mwaka huu na hadi Juni haijapata hata picha moja, mimi ningeihesabu ya mwakani. Anza kusafisha sehemu ya PS4.

KatrijiNyekundu

Mwacheni afike Jumanne kwanza!