Mbegu ya nyanya "inayostawi kote Tanzania" imenimalizia bustani Mwanza, na muuzaji anasema nimemwagilia sana

Wakuu habari zenu. Nina hasira na nitaandika kwa hasira hivyo mnivumilie, maana nimetoka kung'oa mche wa 31 leo asubuhi na mikono bado inanuka majani ya nyanya.

Mi naishi Mwanza, Bugarika huku juu kwenye mawe. Wanaopajua wanajua huku hakuna shamba, kuna mawe na kati ya jiwe na jiwe udongo kidogo, kwa hiyo nalima kwenye viroba na ndoo zilizotoboka, mchicha, matembele, pilipili kidogo na nyanya. Sio biashara, ni ya kula nyumbani, nikipata sato nisianze kushuka sokoni kutafuta nyanya za fungu. Siku zote nilikuwa napanda Tanya au Tengeru 97, mbegu za kawaida tu ambazo hazina maajabu ila mboga inapatikana.

Sasa mwezi wa tisa jamaa mmoja kwenye grupu la wasapu akaanza kutangaza mbegu mpya, chotara, F1, na picha za nyanya zinang'aa mpaka unatamani uzitafune kwenye simu. Chini kaandika inastawi kote Tanzania, inavumilia mnyauko, siku 75 unavuna. Nikampigia, na nataka mjue kwamba niliuliza KABLA sijatoa hela. Nikamuuliza mimi niko kandokando ya ziwa, hii mbegu imejaribiwa huku? Nikamuuliza tena, huo mnyauko unaosema ni upi, maana huku tunao wa kwetu? Akanitumia sauti, "dada yangu wee panda tu, hiyo ni mnyauko wote, utakuja kunishukuru." Nikatuma elfu 18.

Pakiti ilikuwa na mbegu 100 tukagawana na ndugu zangu, 40 zangu, 30 nikazituma kwa basi kwa dada yangu Njombe na 30 kwa binamu yangu Mbagala Dar. Tukasia wote wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kuota ziliota aisee, mimi 38 kati ya 40, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nimeuziwa feki. Lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, ilikuwepo na mbegu ilikuwa mbegu. Lakini kuota ni jambo moja, na kuuvumilia ugonjwa wa mahali fulani ni jambo lingine kabisa.

Miche 36 nikaihamishia kwenye viroba, mvua za vuli zikaja, ikanenepa, ikatoa maua, ikafunga. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili matunda ya kwanza yako saizi ya yai la kuku wa kienyeji nikaona mche mmoja saa sita mchana umelegea. Majani ya kijani kabisa, hayana doa wala njano, ila yananing'inia kama kitambaa kilicholowa. Jioni ukasimama. Kesho yake mchana ukalala tena, jioni ukajitahidi kidogo. Siku ya tatu haukuamka, na jirani yake wawili wakaanza.

Nikampigia muuzaji. Safari hii hakuna "dada yangu" tena, ni "we mama utakuwa umemwagilia sana, punguza maji." Nikapunguza maji, miche ikaendelea kufa. Nikampigia tena, akasema nipige dawa ya ukungu na akaniambia na bei yake, anayo yeye mwenyewe! Nikanunua. Naandika hii sentensi natetemeka, nilinunua, elfu 12 nyingine.

Mzee mmoja jirani yangu ambaye amelima nyanya bondeni miaka mingi akapita akaangalia, akaniambia leta kisu na bilauri ya maji. Akakata shina karibu na udongo, ndani limekuwa kahawia, akalishika lining'inie, ncha tu ndo imegusa maji ya bilauri. Tukakaa kimya tunaangalia. Haikufika dakika tano ukaanza kutoka uzi mweupe kwenye ile ncha, mwembamba, unashuka taratibu kwenye maji kama tone la maziwa, halafu mwingine, mpaka maji yote yakawa meupemeupe. Akasema basi, huu ni mnyauko bakteria, hiyo dawa uliyopiga umeoga nayo tu mwanangu.

Na hapo ndo ilipo hasira yangu, someni vizuri. Nikaenda kuichukua ile pakiti nikaisoma upya. Mbele kwa Kiswahili kikubwa imeandikwa "huvumilia mnyauko". Nyuma kwenye kona, herufi ndogo kama sisimizi, V na F. Basi. Hizo ni Verticillium na Fusarium, minyauko miwili inayoletwa na fangasi. Mnyauko bakteria ni Ralstonia, na mbegu inayouvumilia mara nyingi huandikwa Rs au BW. Haikuwepo hiyo herufi! Kwa Kiswahili yote tunaiita mnyauko, na aliyeandika lile neno moja bila kusema upi anajua kabisa mtu wa kawaida atalielewaje. Huyu bakteria anapenda joto na udongo wenye unyevunyevu, sasa niambieni, joto na unyevunyevu vikikutana na mvua za vuli sio huku kwetu ni wapi? Na hana dawa. Ukishamwona unang'oa mche na udongo wake, unachoma mabaki, na kile kiroba hakipandwi tena nyanya, wala pilipili, wala bilinganya, wala nyanya chungu, wala viazi mviringo kwa muda mrefu. Yaani sijapoteza miche tu, nimepoteza na udongo, udongo nilioulipia guta kuuleta kutoka bondeni na vijana wakaupandisha kwenye mawe kwa mabega.

Muuzaji nilipomwambia akajibu "basi udongo wako ndo mchafu." Ndiyo, bakteria anakaa kwenye udongo, inawezekana alikuja na ule wa bondeni, sibishi. Ndo maana nilikuuliza ni mnyauko upi! Ungesema tu haiwezi bakteria ningebaki na mbegu zangu, au ningetafuta udongo wa sehemu isiyowahi kulimwa nyanya.

Na hiyo "kote Tanzania" nayo. Binamu yangu Mbagala miche yake haijafa hata mmoja, mirefu inampita kimo, ila maua yanadondoka. Kila asubuhi anafagia maua ya njano chini. Usiku wa Dar wa mwezi wa kumi na mbili unajulikana, na nyanya nyingi usiku ukizidi nyuzi 21 au zaidi kidogo zinaanza kushindwa kufunga. Amepata nyanya tisa. Dada yangu Njombe ndo kapata, nyanya nzuri kweli sitaki kusema uongo, ila siku 75 zikawa zaidi ya 100 kwa ile baridi, na kila wiki anapambana na bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani kwenye baridi. Mbegu ile ile, pakiti ile ile. Kwa hiyo ni mbegu ya sehemu za baridi na zile picha zimepigwa kwenye baridi, sasa ugumu wa kuandika hivyo uko wapi? Andika imejaribiwa wapi, urefu gani kutoka usawa wa bahari, msimu gani. Ziwa letu liko mita 1,134, sio Njombe na sio Dar, na mtu anayelima ndoo kumi kibarazani ana haki ya kujua sawa na mwenye ekari kumi.

Kantangaze, wale viwavi wanaotoboa majani na matunda ya nyanya, nao walipita mwezi wa kumi na moja, nikawaokota kwa mkono, hao siwalalamikii maana pakiti haikuahidi kitu kuhusu kantangaze.

Nimemwambia jamaa anirudishie elfu 12 ya dawa tu, ya mbegu abaki nayo. Amenitoa kwenye grupu.

Imebaki miche mitano. Walioko Musoma, Bukoba, Geita, Sengerema, Ukerewe mlionunua mbegu za hivi, naomba kabla hamjalaumu maji mkate shina mliweke kwenye bilauri mniambie mmeona nini. Na kama kuna mtu kandokando ya ziwa amepanda nyanya yenye Rs au BW kwenye pakiti na ikamaliza vuli nzima imesimama, naomba jina lake na alipanda mwezi gani.