Ushauri: Kocha wa chuo nagombea ubunge, jezi 40 zitaniponza?

KochaWaWavu: Wakuu, salamu kutoka West Nile, Uganda. Nilikuwa kocha wa voliboli katika chuo kimoja cha serikali, sasa nagombea ubunge kama mgombea binafsi. Uteuzi ni tarehe 22 na 23 Oktoba 2025, mwezi na kitu umebaki, usingizi sipati. Swali langu ni moja tu: nikigawa jezi 40 na mipira 12 kwa timu za sabukaunti, itahesabiwa rushwa? Vijana hawajasahau ile fainali tuliyoongoza tangu kipindi cha kwanza. Tommy Tuberville alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani chuo cha Auburn, akaja kuwa seneta Marekani. Mimi nina kasoro gani?

BodaStejiTatu: Kocha, mimi navaa namba 10. Mpira uje na pampu yake 😀

WakalaMkongwe: Jezi hazihesabiwi kituoni, fomu za DR, zile za kutangaza matokeo ya kituo, ndizo zinazohesabiwa. Sheria inakuruhusu mawakala wawili kila kituo. Vituo 120 ni watu 240, na wote wale siku hiyo. Kura ni saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, ila aliye kwenye mstari saa 10 anapiga. Balaa huanzia hapo: wakala ana njaa, anatoka kutafuta chapati, akirudi fomu zimeshasainiwa na nakala hana. Wa pili kapiga picha kwa simu, tarakimu hazisomeki. Mfundishe kujumlisha kura halali na zilizoharibika kabla hajaweka saini.

HatiNaMuhuri: Wakati wa kampeni, sheria inamkataza mgombea na wakala wake kutoa misaada na kufanya harambee. Kabla ya kampeni, zawadi ya kumvuta mpiga kura bado ni rushwa. Tendo moja likithibitishwa, ukiwa umelifanya wewe au umelijua na kuliridhia, kiti kinakwenda. Basi jezi ziache dukani.
Ila umeandika "nilikuwa kocha". Ulijiuzulu lini?

KochaWaWavu: Barua niliandika Julai. Hilo limekwisha, turudi kwenye jezi. Zimeshashonwa na jina langu liko mgongoni.

HatiNaMuhuri: Halijakwisha. Nijibu manne. Nani alisaini barua yako ya ajira? Ya kujiuzulu umemwandikia nani? Muhuri wa kupokelewa una tarehe gani? Mshahara wa mwisho uliingia lini?

MamaKoboko: Kaka kanyamaza siku mbili. Jezi mgongoni, jibu mfukoni.

KochaWaWavu: Sijakimbia, mama. Ajira ilisainiwa na Tume ya Utumishi wa Elimu. Barua nilimwandikia mkuu wa chuo, tarehe 21 Julai. Mshahara... wa Julai uliingia tarehe 28. Wa Agosti pia. Nilidhani ni malimbikizo ya posho za mashindano. Ule wa Agosti nimelipia mabango 600, hela ingekaa tu benki ifanye nini?

HatiNaMuhuri: Sasa ndiyo umeuliza swali lako. Katiba, ibara ya 80, inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Hesabu nyuma kutoka 22 Oktoba, unafika 24 Julai. Ibara ya 252 inasema barua ya kujiuzulu inakwenda kwa aliyekuteua. Kama masharti ya ajira hayasemi lini inaanza kufanya kazi, ni pale inapopokelewa na huyo au aliyeruhusiwa kumpokelea. Tarehe uliyoandika juu ya karatasi haikusaidii. Na mkuu wa chuo si Tume, labda kama ana ruhusa ya kuipokea.

KochaWaWavu: Katibu muhtasi ni mtu wangu. Anaweza kuweka muhuri upya wa Julai.

HatiNaMuhuri: Masijala wana kitabu. Barua namba 214 huiingizi kati ya 188 na 189 pasipo nafasi. Halafu taarifa ya benki italeta mshahara wa Agosti mahakamani. Hapo utakuwa umeongeza kesi ya kughushi.

MzeeWaBombo: Mwanangu, pesa ya umma irudishe. Usimpe mtu mkononi. Omba ofisi ya mishahara ikuandikie kiasi, lipa benki, tunza risiti.

HatiNaMuhuri: Mzee amesema kweli, ila risiti haibadilishi tarehe.

MchambuziArua: Kuhusu Tuberville: Auburn aliondoka 2008, ukocha wenyewe akauacha mwisho wa 2016 akiwa Cincinnati, Seneti akashinda 2020. Huyo kweli "alikuwa". Tom Osborne alifundisha timu ya chuo cha Nebraska miaka 25, akaingia Kongresi, lakini 2006 akitaka ugavana akaangushwa ndani ya chama chake. Na msije na Magogo, rais wa FUFA (shirikisho la soka Uganda) aliyeshinda ubunge Budiope Mashariki, urais huo si ajira ya serikali.

NetiTatu: Mimi kuna kitu kinanikera tangu juzi. Voliboli ina "kipindi cha kwanza"? Ina seti: nne za pointi 25, ya tano 15, na tofauti ya pointi mbili. Huyu si kocha. Huyu ametumwa na mpinzani aje ajue kocha fulani ananaswa wapi.

WakalaMkongwe: Kama ametumwa, aandike vizuri: petisheni ya kupinga ushindi ni ndani ya siku 30 baada ya matokeo kutoka kwenye Gazeti la Serikali. Mpiga kura asiyekuwa mgombea anahitaji saini 500 za jimbo hilo.

MamaKoboko: Sasa mnamfundisha jasusi!

KochaWaWavu: Niliandika kipindi ili kila mtu aelewe. Neti ya wanaume mita 2.43, wanawake 2.24.

NetiTatu: Hiyo hata simu inajua. Unapimia wapi?

KochaWaWavu: Katikati ya uwanja, kwa fimbo. Juu ya mistari ya pembeni pande zote mbili ziwe sawa, zisizidi kimo kwa zaidi ya sentimita 2. Katikati ikilegea, kaza waya wa juu kwanza. Ukianza na kamba ya chini neti inajikunja.

NetiTatu: Haya, kocha ni wewe. Sasa tusomee muhuri, hilo swali uliliruka.

HatiNaMuhuri: Na usilipe ile milioni 3 ya uteuzi kabla hujausoma. Hairudishwi. Ukikwama safari hii, kwenye uchaguzi mdogo sheria inataka siku 14 tu, lakini barua iende kwa Tume ya Utumishi wa Elimu.

KochaWaWavu: Wino umefifia. Tarehe ni 21, hiyo inaonekana. Mwezi nimeuangalia kwenye mwanga wa dirisha.

Umeandikwa AUG.

HatiNaMuhuri: Mabango yameshabandikwa?

KochaWaWavu: Mia mbili.