Nitatenganishaje athari ya chakula na ya mwanga kwenye saa ya mwili ya panya?

Swali: Panya wa maabara, mwanga saa 12, giza saa 12. Nianzie wapi?

Jibu: Panya kwa kawaida hula usiku, kwa hiyo walishe mchana tu (wakati wa mwanga), kwa muda wa saa 6. Punguza muda taratibu na wapime uzito kila siku; ukiwabana ghafla watakonda. Siku chache baadaye wataanza kuchangamka kabla ya mlo. Jeni za saa kwenye ini, kama Per2, hufuata chakula. Saa kuu ya ubongoni hubaki na mwanga.

Jibu: Usisafishe vizimba saa ileile kila siku! Kelele na kushikwashikwa navyo ni ishara za wakati kwa saa ya mwili.

Jibu: Tumia panya wa ukoo mmoja, kwa sababu jeni huathiri saa ya mwili. Wanasayansi Konopka na Benzer walionyesha mwaka 1971 kwamba jeni moja ya inzi ikibadilika, mzunguko wake wa kila siku, ambao kwa kawaida ni wa saa 24 hivi, huwa wa saa 19, 28, au hupotea kabisa.