Je, maandishi ya marabi yanatuambia lolote kuhusu chimbuko la Ukristo?

Msomaji Mgeni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale waliosoma maandishi ya kale ya Kiyahudi kwa utaratibu. Nimesikia mara nyingi katika mahubiri kwamba Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi (walimu wa sheria ya Kiyahudi), yenyewe inakiri kuwa Yesu aliuawa mkesha wa Pasaka, na kwamba ishara njema zilizokuwa zikionekana Hekaluni zilikoma miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, yaani karibu na wakati wa kusulubiwa. Wengine husema kinyume, kwamba marabi walimnyamazia Yesu kabisa na kwamba kila kinachotajwa ni ngano za baadaye. Sitafuti mshindi kati ya dini hizi mbili. Ninachotaka kujua ni kwamba, mwanahistoria akiyafungua maandishi haya, anakuta ndani yake ushahidi wa jinsi Ukristo ulivyoanza, au anakuta mwangwi wa mabishano ya karne zilizofuata?

Mzee wa Maktaba alijibu:

Ndugu Msomaji, tuanze na umri wa vitabu vyenyewe, kwa sababu hapo ndipo wahubiri wengi hupita haraka. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ambao Talmudi inaufafanua, ilikusanywa na Rabi Yehuda Hanasi yapata mwaka 200, na haimtaji Yesu kwa jina. Tosefta, ambayo ni mkusanyo wa mapokeo yanayoandamana na Mishna, ilifuata baadaye kidogo. Talmudi ziko mbili: ile ya Yerusalemu, ambayo licha ya jina lake ilitungwa hasa Galilaya, ilikamilika karibu na mwaka 400, na ile ya Babeli ilichukua sura yake takriban karne ya 6. Kwa hiyo kifungu cha Babeli kinachozungumzia kifo cha Yesu kimetufikia katika kitabu kilichokamilika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio.

Kifungu chenyewe kimo katika sehemu ya Talmudi iitwayo Sanhedrin, karatasi 43a. Kinasema kwamba Yeshu (ndivyo Talmudi inavyomwita Yesu) alitundikwa mkesha wa Pasaka, na kwamba kwa siku 40 kabla ya hapo mpiga mbiu alitangaza kuwa atapigwa mawe kwa sababu alifanya uchawi na kuwapotosha Israeli, na kwamba yeyote mwenye neno la kumtetea aje aliseme. Tarehe hiyo inalingana na Injili ya Yohana na kutofautiana na Injili tatu nyingine, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wasomi waone hapa kumbukumbu huru. Mimi sishawishiki. Warumi hawatajwi hata kidogo, mashtaka yamepangwa kufuata sheria ya Torati kuhusu mpotoshaji, na hizo siku 40 za mbiu zinasomeka kama jibu kwa Wakristo waliodai kuwa hukumu ilipitishwa usiku mmoja kwa pupa. Kisha wanatajwa wanafunzi watano, Mattai, Nakai, Netzer, Buni na Toda, na kila mmoja anahukumiwa kwa aya ya Maandiko inayochezea jina lake. Huo ni ustadi wa darasani, wala hauna sura ya kumbukumbu za mahakama.

Msomi Johann Maier alidai mwaka 1978 kwamba karibu vifungu vyote vya aina hii havikumhusu Yesu hapo mwanzo. Msomi mwenzake Peter Schäfer, karibu miaka 30 baadaye, alijibu kwamba vinamhusu kweli, ila ni majibu ya makusudi ya Wayahudi wa Babeli waliozifahamu Injili na walioweza kusema kwa uhuru kwa kuwa waliishi chini ya wafalme wa Uajemi, mbali na dola ya Kikristo. Naelemea kwa Schäfer, lakini angalia matokeo yake: tukimkubali, vifungu hivyo vinatufundisha mengi juu ya Babeli ya wakati ule na machache mno juu ya Yerusalemu ya mwaka 30.

Binti Hati alijibu:

Namshukuru Mzee wetu kwa ufafanuzi, lakini nadhani ameishia mahali ambapo jambo linaanza kunoga. Ukitaka kusogea karibu na mwanzo, weka kando Babeli kwa muda usome Tosefta, sehemu ya Hullin, sura ya 2.

Hapo tunasoma kwamba Rabi Eleazar ben Dama aliumwa na nyoka, akaja Yakobo wa Kefar Sama ili amponye kwa jina la Yeshua ben Pantera, yaani Yesu mwana wa Pantera. Rabi Ishmael akakataa. Ben Dama akadai kwamba anao ushahidi wa Maandiko unaoruhusu, lakini akafa kabla ya kuutoa, na Ishmael akamwita mwenye heri kwa kuwa aliondoka bila kuuvunja ua wa wenye hekima, yaani makatazo yao. Mara baada ya hapo inafuata habari ya Rabi Eliezer, mmoja wa wakubwa wa kizazi kilichofuata kubomolewa kwa Hekalu, ambaye alikamatwa na kufikishwa mbele ya liwali kwa tuhuma za uzushi. Aliachiliwa, lakini akabaki na huzuni, hadi Rabi Akiva alipomuuliza kama hakuwahi kusikia neno la wazushi likampendeza. Ndipo akakumbuka kwamba siku moja, akitembea katika njia ya Sepphoris, mji wa Galilaya, alikutana na Yakobo wa Kefar Sikhnin, naye akamwambia neno kwa jina la huyo huyo Yeshua, na neno lile likamfurahisha.

Sisemi kwamba kila kitu kilitokea hivyo. Tazama lakini hali ambayo hadithi inaichukulia kuwa ya kawaida: wafuasi wa Yesu ni Wayahudi wa vijiji vya Galilaya, wanaponya wagonjwa, wanafafanua Torati, na rabi mkubwa anaweza kusimama njiani kuwasikiliza na kuona ladha katika maneno yao. Katazo kali la Ishmael lina maana tu pale ambapo watu walikuwa wakienda kweli kwa waponyaji hao. Talmudi ya Yerusalemu inaongeza kisa cha mjukuu wa Rabi Yehoshua ben Levi, katika karne ya 3, aliyekabwa na kitu kooni, akaja mtu akamnong'onezea jina hilo, naye akapona. Babu yake alisema afadhali angekufa. Anayeandika hivyo amekubali, pengine bila kupenda, kwamba dawa ilifanya kazi!

Hata jina Pantera lina umri mkubwa. Celsus, mpagani aliyeandika dhidi ya Wakristo yapata mwaka 178, aliweka kinywani mwa Myahudi madai kwamba baba wa Yesu alikuwa askari aliyeitwa Panthera. Kwa hiyo sehemu hii ya mapokeo ilikuwa ikizunguka tayari katika karne ya 2.

Msomaji Mgeni aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Binti Hati, kama mpaka kati ya Wayahudi na Wakristo ulikuwa na matundu kiasi hicho, tuielewe vipi ile laana dhidi ya wazushi inayosemwa kuwa iliwafukuza Wakristo kutoka sinagogi? Na mbona hakuna aliyegusa suala la miaka 40?

Binti Hati alijibu:

Kuhusu laana, Talmudi ya Babeli (sehemu ya Berakhot, 28b) inasimulia kwamba Rabban Gamlieli, alipokuwa Yavne, mji walikokusanyika marabi baada ya Hekalu kubomolewa, aliuliza kama yupo awezaye kutunga sala dhidi ya wazushi, na Shmueli Mdogo akaitunga. Wapo wanaoiunganisha na Yohana 9:22, panaposemwa kwamba waliomkiri Kristo wangetengwa na sinagogi. Tatizo ni kwamba nakala ambazo zinawataja Wanazarayo (yaani Wakristo) kwa jina zimepatikana katika Geniza ya Cairo, ghala la hati chakavu za sinagogi, nazo ni za zama za kati. Justin Mfiadini, mwandishi Mkristo wa katikati ya karne ya 2, alilalamika kwamba Wakristo hulaaniwa katika masinagogi, kwa hiyo kitu fulani kilikuwapo, ingawa kukiita amri moja iliyowatenganisha watu wote kwa siku moja ni kutia chumvi. Mhubiri Yohana Krisostomo alipohubiri Antiokia mwaka 386 bado aliwakemea Wakristo waliohudhuria sikukuu za Kiyahudi.

Mzee wa Maktaba alijibu:

Nakiri kwamba Tosefta inastahili uzito mkubwa kuliko nilioupa. Suala la miaka 40 nilipaswa kuligusa mapema. Sehemu ya Talmudi iitwayo Yoma, karatasi 39b, inasema kweli kwamba katika miaka 40 ya mwisho ya Hekalu kura ya Bwana, iliyopigwa Siku ya Upatanisho kuchagua mbuzi wa sadaka, haikutokea katika mkono wa kuume, uzi mwekundu wa ibada hiyo haukugeuka mweupe kuwa ishara ya msamaha, na milango ilifunguka yenyewe mpaka Rabban Yohanan ben Zakkai akaikemea. Haimtaji Yesu. Upande wa kwanza wa karatasi hiyo hiyo (39a) unasema kwamba kura ilitokea vizuri katika miaka 40 ya ukuhani wa Simeoni Mwenye Haki. Kwingineko tunaambiwa kwamba Sanhedrin, baraza kuu la Wayahudi, ilihama mahali pake miaka 40 kabla ya maangamizi, na kwamba Rabi Tzadok alifunga miaka 40 ili Yerusalemu isibomolewe. Anayeichukua 40 ya uzi mwekundu kuwa tarehe kamili itambidi aichukue vivyo hivyo na saumu ya Rabi Tzadok.