Mbegu za tikiti zinatoa mkia kwenye kitambaa, nikizipanda hazichomozi. Nakosea wapi?

Luseni_Igombe
Wakuu habari za leo. Niko Igombe, Mwanza, shamba ni luseni, kichanga cha mwinuko. Mbegu ni Sugar Baby ya kopo, zimepakwa ile dawa ya pinki. Nililoweka kutwa na usiku, nikazivundika kwenye kipande cha taulo ndani ya kontena la plastiki. Siku ya nne karibu zote zilikuwa na mkia, mingine imefika urefu wa pingili ya kidole. Nikapanda mashimo 60: chini konzi mbili za samadi ya kuku, udongo kidogo, mbegu, halafu nikafukia kama sm 4 na kushindilia kwa kiganja. Maji asubuhi na jioni.

Leo siku ya 9. Zimechomoza 7. Mbegu zilikuwa hai, mkia niliuona mwenyewe. Ninunue kopo jingine?

ShambaDarasa
Usinunue kitu kwanza. Fukua. Chukua kijiko, ingia kwa pembeni ya shimo, toa udongo taratibu mpaka uione mbegu ilipo. Fanya mashimo 10 hivi ya sehemu tofauti. Ushahidi haukai sana, wiki nyingine tu zitakuwa zimeoza zote na utabaki kubahatisha.

Utakachokikuta kinasema hivi:

Mkia wa kahawia, unateleza, ukiuvuta ngozi inavuka na kubaki kiuzi katikati: maji yamezidi na kuvu wa kinyausi (ugonjwa wa kuozesha miche) wameingia. Mbegu ngumu bado lakini ncha ya mkia nyeusi au imekauka: umeungua kwa samadi au ulivunjika wakati wa kupanda. Mkia umesinyaa kama uzi mkavu: udongo ulikauka, au mbegu ilikaa kwenye uwazi bila kugusana na udongo. Shingo nyeupe ndefu imejikunja chini ya ganda la udongo: mche ni mzima, umeshindwa kutoboa tu. Shimo tupu, au maganda yamebaki bila kiini: hapo tafuta panya na sisimizi.

Kingine ambacho wengi hawakijui. Mbegu kavu ina subira. Ikilowa kidogo ikakauka kabla haijapasuka, inaweza kungoja maji mengine. Ikishatoa mkia, subira hiyo imekwisha. Ikikauka mara moja haifufuki. Ndiyo maana kosa dogo ambalo mbegu kavu ingelivumilia linaua mbegu iliyovundikwa.

MamaBustani_Kisesa
Kaka, kabla hujafika shambani kuna makosa manne kwenye maelezo yako.

Kutwa na usiku kwenye maji ni mingi mno kwa tikiti. Saa 6 hadi 8 zinatosha, zaidi ya hapo mbegu inakosa hewa. Taulo nalo si zuri, vinyweleo vya mzizi vinajishika kwenye nyuzi na ukivuta unavichana bila kuona. Tumia tishu nene au kitambaa laini, kiloweke halafu kikamue mpaka kisidondoshe tone. Mbegu ikigoma kuachia tishu, ipande na kipande chake.

Urefu wa mkia ndio kosa kubwa. Wa kupanda ni mm 2 hadi 5, yaani ncha nyeupe ndiyo kwanza inachungulia. Ukifika sm 1 unavunjika kwa kuguswa, na wa pingili ya kidole umeshaanza kujipinda, ukiufukia hovyo ncha inatazama juu. Kwa joto la nyuzi 28 hadi 30 tikiti linatoa ncha siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kuanzia saa 36 kagua kila baada ya saa 12, toa zilizo tayari upande, nyingine ziache. Usingoje ziwe sawa zote, hazitakuwa.

Halafu hiyo pinki ni dawa ya kuvu. Ukiloweka inatoka majini, na mbegu inaingia ardhini bila kinga yake. Mbegu za pinki zipande kavu. Na maji uliyolowekea usimwage kwenye mfereji unaoelekea ziwani, wala kuku wasiyanywe.

Mbuga_Magu
Mimi siungi mkono kuvundika tikiti kwenye luseni kabisa. Udongo wa Mwanza una joto la kutosha, mbegu kavu nzuri inachomoza siku ya 5 mpaka ya 8, unapanda mbili kila shimo na kung'oa moja baadaye. Kuvundika kuna maana kwa mbegu za bei, hasa zile za tikiti lisilo na mbegu, ambazo ganda lake ni nene na kiini dhaifu. Au mbegu ya zamani unayotaka kuhesabu ngapi ziko hai: weka 20 kwenye tishu, zikitoka chini ya 14 ongeza idadi kwa shimo au badilisha kopo.

Ila kwa sisi wa mbuga hesabu ni nyingine. Udongo mweusi ukilowa unabana hewa, ukikauka unapasuka na kumkata mche shingo. Huku tunapanda juu ya tuta, na juu ya mbegu tunafunika kwa konzi ya mchanga badala ya udongo wenyewe.

ShambaDarasa
Mkuu hapo kwenye mbegu kavu sibishi. Lakini yeye alishavundika, tumalizie alipo.

Luseni, kina sm 4 na kiganja. Watu wanadhani kichanga hakifungi. Luseni ya juu ina chembe laini zilizochanganyika na mchanga. Ukimwaga maji kwa ndoo kutoka juu zinajipanga usoni, jua la saa sita likipiga unapata ukoko. Ukishindilia kwa mkono umeusaidia. Mche wa tikiti hausukumi kwa ncha. Unatoka umeinama kama mpini wa mwavuli, shingo ndiyo inatoboa halafu inavuta majani ya mbegu nyuma yake. Ukikuta ukoko, shingo inazidi kurefuka chini kwa chini mpaka akiba ya chakula iishe.

Tena mbegu iliyovundikwa haihitaji sm 4. Sm 1.5 hadi 2 inatosha.

Namna ya kuilaza nayo ina maana. Pale shingo inapokutana na mzizi, jamii ya matikiti, maboga na matango huota kijino kidogo upande wa chini. Kijino hicho hukanyaga ganda ili majani yachomoke. Mbegu ikilala ubapa kijino kinakaa mahali pake. Ukiisimamisha wima, mara nyingi mche unatoka na ganda kichwani kama kofia. Ukiona kofia usiibandue kavu, utang'oa jani. Inyunyizie maji jioni, asubuhi isukume kwa vidole viwili.

Samadi ya kuku sitaki hata kuanza. Mbichi ikilowa inatoa amonia, na mzizi wa mm 5 uko sentimita chache juu yake.

Luseni_Igombe
Nimefukua 10. Mikia ya kahawia inayoteleza 5. Ncha nyeusi na mbegu ngumu 2. Shingo nyeupe iliyojikunja 2. Shimo tupu 1. Samadi nilitoa bandani wiki mbili zilizopita, bado inanuka.

MamaBustani_Kisesa
Basi 5 ni maji, 2 karibu hakika ni samadi, 2 ni ukoko. Hilo shimo tupu lisikusumbue.

Hayo mashimo ambayo hujafukua, kila penye ufa mdogo au udongo ulioinuka kuna shingo inahangaika. Jioni lowesha kwa chupa ya kunyunyizia, subiri dakika 10, vunja ukoko kwa njiti, usichimbe. Fanya leo.

Yaliyobaki usirudie mbegu kwenye mashimo yaleyale, amonia na kuvu bado vipo. Sogea sm 30, au otesha kwenye viriba vidogo (vifuko vya kuoteshea miche): udongo wa juu debe 3, samadi ya ng'ombe iliyooza debe 2, mchanga debe 1. Samadi iliyooza haina harufu, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kutambua nyasi zilizokuwemo. Ya kuku ipe miezi miwili mitatu kwenye lundo, ukiigeuza.

Maji pimia kwa mkono. Finya konzi ya udongo: ushikamane, ukiugusa kwa kidole upasuke. Ukitoa maji ni tope. Lowesha kiriba asubuhi, acha maji yachuje, jioni toboa kwa kijiti sm 2, laza mbegu ubapa, kama ina mkia uelekee chini, funika kwa udongo uliolegea, usibonyeze. Baada ya hapo usimwagilie mpaka uso uanze kupauka, mara nyingi siku ya pili. Juu tandaza pumba za mpunga, unene wa kucha tu. Viriba vyeusi usivipange kwenye sementi juani, mzizi utachemka.

Mbuga_Magu
Na kama sehemu yako iko chini karibu na maji (tuache ile sheria ya kutolima ndani ya mita 60 kutoka ziwani), fukua sm 40 uone kama kuna unyevu unaopanda. Ziwa Victoria lilipanda sana 2020 na tena 2024, bustani nyingi za mabondeni bado chini kumelowa hata juu kukionekana kukavu. Hapo hata usipomwagilia mzizi unakosa hewa.

Luseni_Igombe
Niko juu, karibu na mawe. Viriba nihamishe lini?

MamaBustani_Kisesa
Majani halisi mawili, kama wiki mbili hadi tatu. Usichelewe zaidi, tikiti halipendi kuguswa mzizi. Chana kiriba kwa wembe, shusha na udongo wake wote, jioni. Na kagua kila asubuhi baada ya kuhamisha: ukikuta mche umekatwa shingo usawa wa ardhi, chimba sm 3 kuzunguka shina, sota (kiwavi anayekata miche) yuko hapohapo amejikunja.